La ya Kizungu

Mtihani wa kuandika Kiingereza ulinishinda mara mbili, na mara zote mbili nilitoka mle ndani nikijiona nimeandika vizuri. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kusoma nilifaulu, kusikiliza nikafaulu, kuzungumza nikafaulu kwa taabu, lakini kuandika kila nikifungua matokeo nakuta nimepungukiwa na nusu alama. Nusu alama, jamani. Ilisimama baina yangu na hospitali ya ng'ambo iliyokwisha kunikubali, na hospitali yenyewe ilikuwa imenambia kwa adabu zote kwamba mara ya tatu ndiyo ya mwisho watakayonisubiri. Nikianguka tena, nafasi yangu atapewa mwengine.

Mimi ni muuguzi wa wadi ya watoto. Miaka yote niliyofanya kazi hapa Mombasa nimekuwa wa mkataba. Mkataba ukiisha nasubiri mwengine, na huku nimewafundisha kazi wasichana ambao leo ndio wakubwa zangu. Kwa hivyo mtu asinambie habari za kuridhika. Nilitaka kuondoka, na nilitaka sana.

Nyumbani nilikuwa naishi na mamangu, sisi wawili tu, Mji wa Kale, katika nyumba aliyoingia akiwa bi harusi. Ni nyumba ya kichochoroni, na ukifungua mlango uko barazani kwa jirani. Magoti hayamchukui tena mama, sukari inampanda na kumshuka, lakini ndani ya kuta zile anajua kila kitu kilipo hata stima ikipotea. Mtu akimuuliza haja yake ya dunia atamtajia moja: asitolewe kwake. Ndugu yangu wa kiume anakaa Mtwapa, na mkewe ni mtu mwema, sina la kumsema. Ila mama akenda kule, hata kwa siku mbili, hukaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kutoa mkono wa tanzia.

Mimi kichwani nilikuwa nimeshalipanga. Nikifaulu, mtoto wa mama mdogo, ambaye ni mjane na hana pa kukaa pa maana, atahamia kwetu akae na mama. Nilikuwa nimemdokeza, akakubali. Mama sikumwambia. Kwetu jambo halitangazwi kabla halijawa. Ukilisema mapema unalitia kijicho, na mimi nilikuwa nimekwisha kuanguka mara mbili mtaa mzima ukijua. Nikasema mara hii nafunga mdomo mpaka matokeo yatoke, kisha nitamweleza kwa raha zetu. Basi mama alijua kwamba nasoma, na alijua kwamba nikifaulu nitakwenda. Nani atabaki naye, na wapi, hilo hakulijua.

Aliyenambia ukweli juu ya ile nusu alama ni mwalimu mmoja mstaafu, mama wa Kihindi, Muislamu mwenzetu, anayekaa Ganjoni. Alikuwa akifundisha kwenye meza yake ya chakula, ghorofa ya tatu, madirisha wazi kwa ajili ya upepo na tuktuk zikipiga kelele huko chini. Kiswahili chake ni cha Mombasa kabisa, na hasira zake pia ni za Mombasa. Siku ya kwanza hakuniuliza nimesomea wapi. Alinipa kalamu na swali la aina ya kukubali au kukataa: wazazi hawapaswi kuwachagulia watoto wao kazi, je, unakubali? Akanambia, andika, akaenda zake jikoni.

Niliandika kwa moyo wote. Aliporudi akasoma mistari ya mwanzo, akanitazama juu ya miwani.

"Hii salamu ya nani?"

Nilikuwa nimeanza kwa kueleza kwamba tangu zamani wazazi ni nguzo, na watoto ni neema, na kazi ni heshima. Nikamwambia nilitaka kuanza kwa adabu.

"Unamsalimia msahihishaji? Yeye kakuuliza hali? Adabu iache mlangoni pamoja na viatu vyako. Hapa umeulizwa swali, lijibu."

Kisha akapiga mstari chini ya neno la mwanzo wa jibu langu, na mwengine chini ya neno la mwanzo wa sentensi ya mwisho. Juu nilikuwa nimeandika "yes", wazazi hawapaswi. Chini nikaandika "no", wazazi hawapaswi.

"Unakubali au hukubali?" akaniuliza.

"Nakubali."

"Unakubali wapi? Huku umesema yes, huku umesema no. Msahihishaji hakujui wala hajui kwenu. Anaona mtu aliyegeuza kauli njiani. Hapo ndipo nusu yako inapokwenda."

"Lakini yote mawili ni jambo moja, mwalimu."

"Kwako wewe," akasema.

Akanikalisha akanieleza, na mpaka leo sijasikia mtu aliyelieleza vizuri kuliko yeye. Sisi mtu akituuliza, "Hukula?", na kweli hatujala, tunajibu, "Ee." Yaani, ee, ni kama ulivyosema, sikula. Tunamjibu muulizaji, tunakubaliana naye au tunampinga. Tukisema "la", maana yake umekosea, nimekula. Mzungu hana habari na muulizaji. Yeye anajibu tendo. Kama hakula ni "no", umuulize vyovyote utakavyo, na kama amekula ni "yes". Kwa Kiingereza huwezi kuanza na "yes" ukaifuatisha na kukanusha. Msomaji atapotea hapo hapo, na akishapotea harudi kukutafuta.

"Umri wangu wote nimekuwa nikijibu kinyume," nikamwambia.

"Umejibu sawa kwa watu wako. Sasa utajifunza kuwajibu wengine."

Tukaanza kazi. Maswali yote ya insha ya mtihani ule, alisema, ni ya sampuli chache, na kila moja ina mtego wake. Kwenye kukubali au kukataa mtego wangu tulikuwa tumeshauona. Kwenye pande mbili na maoni yako ndipo tulipogombana. Alinipa swali la watoto na simu, wengine wasema zinawafundisha, wengine wasema zinawaharibu, jadili pande zote mbili kisha utoe maoni yako. Nikajadili vizuri, upande huu aya moja na upande ule aya moja, na mwisho nikaandika kwamba wote wana haki na la muhimu ni kuelewana.

"Maoni yako yako wapi?"

"Si hayo? Nimesema wote wana haki."

"Hayo si maoni, huo ni usuluhishi. Nani kakuita uwapatanishe?"

Nikamwambia kwetu mtu hapayuki tu kusema huyu mkweli na yule mwongo, tena mbele ya watu asiowajua. Akanambia, basi kaa kwenu. Nikakusanya vitu vyangu nikateremka ngazi kwa hasira mpaka chini kabisa, na chini ndipo nikahisi saruji inanichoma nyayo. Viatu vyangu viko juu, mlangoni kwake. Nikapanda tena ghorofa zote zile. Alikuwa amefungua mlango na kuketi, na swali jipya liko mezani, la faida na hasara, lile ambalo mtu asipotamka ipi imezidi amefanya kazi bure. Nikaketi nikaliandika. Hatukulizungumza tena lile lililopita.

Aina niliyoipenda ni tatizo na utatuzi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku: mtoto ana nini, kimeletwa na nini, apewe nini. Na niliyoichukia ni ile ya maswali mawili ndani ya moja, maana nilikuwa nikijikita kwenye swali la kwanza mpaka muda unaisha na la pili nimeligusa tu. Mwalimu hakunionea huruma. Baina ya insha na insha alikuwa akinirushia maswali ya kukanusha kwa Kiingereza, ghafla, akiwa anamenya chungwa au anajibu simu. Hukuja jana? Huna mume? Huogopi? Na mimi nijibu papo hapo kwa kufuata tendo. No. No. No. Nikiteleza nikasema "yes", ananipa insha nyengine.

Ikanikaa. Siku moja duka la Bondeni muuzaji akaniuliza, "Hutaki mfuko?" nami nikajibu, "La," akanipakilia vitu kwenye mfuko. Nikamwambia sikutaka. Akasema, "Si nimekuuliza, ukakataa kuwa hutaki?" Nikacheka njia nzima. Nilijiona nimeiva.

Ijumaa ya kabla ya mtihani ndugu yangu alikuja kula chakula cha mchana baada ya sala, kama kawaida yake. Nilikuwa jikoni napakua wali wa kuongezea nikamsikia akimwambia mama, tonge liko mdomoni, "Huyu akenda zake, wewe utakuja kwangu. Chumba tumeshakitengeneza, hata pazia mke wangu ameshatia." Alisema kwa mapenzi, masikini, wala hakujua analosema. Nikasita na upawa mkononi. Ilikuwa nitoke niseme, hapana, mama haendi popote, nimeshampata wa kukaa naye. Nikajizuia. Siku zimebaki chache, nitalisema matokeo yakitoka. Nilipotoka na sinia mama alikuwa anachambua miba ya samaki, na sahani yake haikuwa na samaki aliyebaki.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumamosi. Mwalimu alikuwa amenionya kwamba tangu nifungue macho nisiwaze neno la Kiswahili, hata nikipiga chafya nipige kwa Kiingereza. Nikamtii. Nilisali, nikaoga, nikavaa, na kichwani nazungusha sentensi za mwanzo za kila aina ya swali, kimya kimya, midomo inacheza. Mama alikuwa ameniwekea mahamri na mbaazi. Sikuweza kumeza. Nilikuwa nimekwisha kuangalia kitambulisho kwenye mkoba mara kadha wa kadha.

Nilipofika mlangoni, mkono uko kwenye komeo, akaniita.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

Alikuwa amesimama, ameshika ukuta, hakushika fimbo yake. "Hutanipeleka kwa nduguyo?"

Nikamjibu pale pale, sikuchelewa hata kidogo, na nilimjibu kwa moyo safi. "La," nikasema. Nikamtabasamia, nikarudia ili atulie. "La, mama."

Akanitazama kidogo. "Haya," akasema.

Nikatoka. Mara mbili zile za mwanzo alinishika kichwa akanisomea dua kabla sijavuka mlango. Mara hii hakunishika. Nikasema labda amesahau, au ameona nina haraka.

Kituo cha mtihani kiko mjini, katika jengo la maofisi. Wanakuchukua alama za vidole, wanakupiga picha, simu yako wanaifungia kwenye kabati na mkoba pia. Chumba ni baridi, kompyuta zimepangwa kwa safu na kila mtu ana ukuta mdogo huku na huku. Kuandika kunafanywa kwenye kompyuta, na juu ya kioo dakika zinateremka unaziona. Sehemu ya kwanza, ya kueleza mchoro, niliimaliza mapema. Nikafungua swali la insha. Ilikuwa pande mbili na maoni yako: kuna wanaosema nyumba za kale za mijini zihifadhiwe, na kuna wanaosema zivunjwe zijengwe mpya za kukaa watu wengi.

Nusura nicheke. Mimi wa Mji wa Kale naulizwa habari ya nyumba za kale. Nikaweka msimamo wangu mwanzoni, bila salamu. Nikaandika aya ya wanaotaka zivunjwe, nikaitendea haki. Nikaingia aya ya wanaotaka zihifadhiwe. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Lakini ile "haya" ya mama ilikuwa inanijia kila nikivuta pumzi. Mama akiridhika hasemi "haya". Mama akiridhika husema "inshallah", au hukutania, au hukutuma kitu. "Haya" ni ya mtu aliyeambiwa bei haipungui.

Nikafika kwenye maoni yangu. Nikataka kusema kwamba hata serikali ikija na mpango mzuri namna gani, wazee waliozeekea nyumba zile hawapaswi kuhamishwa. Nikaipanga kama nilivyofundishwa, "no" mbele, kukanusha nyuma. No, wazee hawapaswi kuhamishwa. Nikaiandika. Nikaisoma. Na pale pale, mikono ikiwa juu ya vibonye, nikaisikia "la" yangu ya asubuhi kwa masikio ya mama.

Hutanipeleka kwa nduguyo? La. Yaani si kama usemavyo. Nitakupeleka. Na nilikuwa nimemwambia mara mbili, tena nikitabasamu.

Nikamwona amesimama ameshika ukuta. Nikajua kwa nini hakunisomea. Simu iko kwenye kabati. Ukitoka nje bila ruhusa mtihani wako umekwisha, walitwambia hivyo mwanzoni, wazi kabisa, na mtihani huu ukiisha hakuna mwengine utakaonifaa. Na mama yuko nyumbani peke yake, anaamini kwamba mwanawe amemtoa kwake. Nikainuka nusu. Sijui nilikuwa nataka kwenda wapi. Msimamizi, msichana wa mtandio, akaja karibu akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza, kama siumwi. Nikamjibu, "No." Nikaketi.

Sikutoka. Anayetaka kunilaumu na anilaumu, lakini kwanza akae kwenye kile kiti. Nilisema mama atangoja saa moja, nafasi hii haingojei. Nilijisemea hivyo na huku machozi yananitia ukungu, kioo chenyewe sikioni vizuri. Nikamaliza aya ya maoni, nikafunga insha, nikarudia msimamo wangu kama ulivyokuwa mwanzo. Sikuigeuza kauli.

Niliporudishiwa simu nikampigia mama hapo hapo kwenye ngazi. Ikaita mpaka ikanyamaza. Nikapiga tena. Nikadaka tuktuk, nikamwambia dereva aniteremshe karibu kadiri awezavyo, kisha nikakata vichochoro kwa miguu, nusu nakimbia, buibui nimelikusanya mkononi. Nilipokata kona ya kwetu nikaona kufuli mlangoni, kwa nje. Tangu nizaliwe sijauona mlango ule umetiwa kufuli mchana.

Jirani yetu alikuwa barazani kwake. Alikuwa amelia, macho mekundu. Akanambia ndugu yangu alikuja na gari muda si mrefu baada ya mimi kuondoka, mama ndiye aliyempigia simu aje. Na kabla hajapanda gari alipita mlango hadi mlango, na magoti yale, akaagana na kila mtu na kuombana radhi, kama anayekwenda kuhiji.

"Nikamuuliza, mbona ghafla? Akasema mwanawe ana safari, asimkawize." Akanitazama. "Kwani wewe hukujua?"

Nikafungua mdomo, na wallahi sikujua niseme ee au niseme la. Nikasimama pale nikamtumbulia macho. Akadhani nimeshikwa na uchungu wa kuagana, akanishika bega.

Mtwapa nilifika mchana wa jua kali. Ndugu yangu alinifungulia, uso wake hauelewi kitu, akanionyesha chumba. Pazia jipya, kitanda kimetandikwa vizuri, na mama ameketi ukingoni mwa kitanda na buibui lake mwilini, furushi la nguo pembeni yake halijafunguliwa.

"Umefanya mtihani?" akaniuliza.

"Mama, kwa nini umeondoka?"

"Nilikuuliza, ukanijibu."

"Nilikwambia la."

"Nimesikia. Ulinambia mara mbili. Nikaona kuliko nisubiri nitolewe, bora nitoke mwenyewe na heshima yangu."

"La, mama, yaani sikupeleki."

"Ungekuwa hunipeleki ungenambia ee." Alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto kusema. "Nimekulea mimi. Sijui unavyojibu?"

Nikakaa chini sakafuni mbele yake, nikamweleza yote. Nikamweleza habari ya kujibu tendo na kumjibu muulizaji, na mwalimu wa Ganjoni, na kuwaza kwa Kiingereza tangu alfajiri. Ndugu yangu amesimama mlangoni anasikiliza, mkono kichwani. Mama hakunikata maneno. Nilipomaliza akafikiri.

"Yaani Mzungu ukimuuliza hukula, naye kweli hakula, anasema la?"

"Ee."

"Na wakaelewana?"

"Wanaelewana, mama."

"Basi Kiingereza kimekuingia," akasema. Wala hakucheka.

Nikaona nimwambie na lililobaki. Nikamwambia juu ya mtoto wa mama mdogo, kwamba nimeshazungumza naye, kwamba atakuja kukaa kwetu, kwamba yeye mama hakuwa wa kutoka mle ndani hata siku moja. Nilidhani atafurahi. Uso ukabadilika.

"Umemwambia mtoto wa mdogo wangu kabla yangu?"

"Nilikuwa naogopa kijicho. Nilitaka jambo liwe kwanza."

"Kijicho cha nani?" akaniuliza. "Changu?"

Hapo nililia. Hakuna mwalimu aliyenifundisha swali la aina hiyo. Niliweka kichwa mapajani mwake nikalia kwa sauti mpaka wifi yangu akaja mbio kutoka jikoni akidhani kuna msiba. Mama aliniwekea mkono kichwani, lakini mkono wenyewe ulikuwa mzito, haukunipapasa.

Nilimwomba turudi jioni ile ile, akakataa. Alikuwa ameshaagana na mtaa mzima na watu wameshamlilia. Akirudi kabla ya magharibi watasema mkwewe amemfukuza, na msichana wa watu hana kosa. Na kulikuwa na lingine, akalisema wazi. "Nitakaa mpaka majibu yako yatoke. Ukiwa hwendi, narudi tukae kama tulivyokuwa. Ukiwa unakwenda, nataka nijue narudi kwa nani. Sitaki tena kukisia."

Siku zile za kungoja zilinitesa kuliko mtihani. Nyumba ya Mji wa Kale nilikuwa nalala peke yangu na ukimya wake. Zamu ikiisha nakwenda Mtwapa moja kwa moja, namkuta pale pale ukingoni mwa kitanda. Alikuwa akiletewa kila kitu, chai, uji, dawa zake kwa saa yake, na kila akiletewa anashukuru kama mgeni. Sukari yake ilipanda. Mimi nampima, naandika. Kila simu ikilia sote wawili tunaitazama. Nikawa naomba dua isiyoeleweka: nifaulu, halafu nasema nisifaulu, halafu naogopa nimeomba vibaya.

Matokeo yalikuja alasiri moja nikiwa namkata kucha za miguu. Simu ikatoa mlio juu ya godoro. Nikaiweka chini mikasi, nikafuta mikono kwenye leso, nikafungua. Ilichukua muda mrefu kufunguka, na vidole vyangu vilikosea nywila. Mama alikuwa ananitazama usoni, hakutazama simu. Nadhani uso wangu haukumwambia kitu, kwa sababu mwenyewe nilikuwa sijaamini ninachokiona.

"Hukupata?" akauliza.

Sikuthubutu kumpa neno moja. "Nimepata, mama. Nimefaulu kuandika. Ile nusu imekuja na nyengine juu yake."

Akafumba macho. "Alhamdulillahi," akasema, na machozi yakamtoka chini ya kope, akayaacha yateremke. Nikamshika miguu yake, kucha nusu zimekatwa, nusu bado, nikalia na mimi. Nilifurahi na niliumia, vyote kwa pamoja. Nje watoto wa ndugu yangu walikuwa wanagombania baiskeli.

Kisha akajifuta uso kwa upindo wa leso, akakaa vizuri.

"Sasa nakuuliza tena lile swali langu," akasema. "Na unijibu Kiswahili. Hutaniwacha huku?"

"Ee," nikamwambia.

Akavuta furushi lake la nguo akalipakata, akanambia nimwite ndugu yangu atoe gari.